Siku Niliyojaribu Kuzuia Lori kwa Mikono Miwili

Niseme aibu yangu mapema ili mcheke mmalize: mimi Musyoka, dereva mwenye uzoefu wa miaka kumi na miwili wakati huo, msafara mzima wa Wajir umewahi kuniona nikiwa na shati na chupi peke yake, baada ya kulishika lori la tani saba kwa mikono kama mtu anayezuia mbuzi asitoke zizini. Na yote yalitokana na breki ya mkono.

Ilikuwa miaka ya tisini, na njia ya Garissa kwenda Wajir ilikuwa ya kusafiri kwa msafara, na askari juu ya malori, kwa sababu ya majambazi. Lori lilikuwa la Mama Habiba, mfanyabiashara wa Garissa, mtu wa maneno machache, na siku hiyo alikaa nami kabini kwa kuwa sukari na unga tuliobeba vilikuwa vyake. Gari lenyewe kuukuu. Betri ilikuwa imechoka, ukizima injini lazima lisukumwe, kwa hiyo safari nzima hatukuzima.

Tukikaribia Modogashe nikasikia harufu ya kitu kuungua. Tulipofika nikashuka, nikatemea mate gurudumu la nyuma, yakakauka yakilia chwii. Breki ya mkono nilikuwa nimeiachilia tangu Garissa, lakini kebo yake ilijaa kutu na vumbi, ikakwama, ikaendelea kulibana gurudumu.

Fundi Salat, aliyekuwa akisafiri kwenye lori la nyuma yetu, akainama akatazama. "Hii kebo itolewe, ioshwe na dizeli, itiwe grisi," akasema. "Saa moja tu. Ambia askari wangoje."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwenda kumwomba mkubwa wa askari asimamishe malori tisa kwa ajili ya kebo yangu niliona haya (madereva wenzangu wangesema gari limemshinda Musyoka), basi nikamwambia Salat aende akanywe chai, nikaingia chini ya lori, nikagonga kwa nyundo mpaka gurudumu likaachiliwa, halafu nikaifungua ile kebo kabisa nikaifunga pembeni kwa waya. Dakika kumi. Nikatoka nikijipangusa.

"Imebona?" Mama Habiba akauliza kwa lafudhi yake ya Kisomali.

"Imepona, Mama."

Haikuwa imepona. Haikuwepo.

Adhuhuri msafara ukasimama kwenye silanga moja, bwawa kubwa la kuchimbwa lililojaa maji ya mvua, watu waswali na kutia maji kwenye rejeta. Nikasimama juu ya tuta, pua ya gari ikitazama maji, injini ikinguruma, gia huru. Mkono wangu, kwa mazoea, ukavuta breki, ikapanda nyepesi kama kijiko kwenye uji. Na bado nikashuka! (Ukiniuliza nilikuwa nafikiria nini, nilikuwa nafikiria kunawa uso.)

Nilikuwa nimevaa kikoi cha Kisomali, kile wanachoita macawis, kwa ajili ya joto. Sijafika hatua ishirini na debe langu, mama mmoja aliyekuwa akinywesha mbuzi akapiga kelele, "Gaari! Gaari!" Nikageuka. Lori linateremka, taratibu, na Mama Habiba yumo ndani.

Nikatupa debe, nikakimbia mbele yake, nikaweka mikono kwenye bampa nikasukuma. Tani saba! Visigino vyangu vilichora mistari miwili mchangani mpaka nikaruka kando, na ndoano ya ubavuni ikanasa kikoi ikaondoka nacho.

Aliyeliokoa lori ni Mama Habiba. Alihamia kiti changu, akashika usukani, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili huku akisoma shahada kwa sauti, nalo likasimama magurudumu ya mbele yakiwa yamezama nusu. Mama huyo hakuwa ameendesha hata baiskeli maishani mwake.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee mmoja mwenye ngamia hakucheka. "Maji hii nakunywa watoto," akaniambia. "Oili ikiingia, sisi taenda wabi?"

Nikajifunga gunia tupu kiunoni, nikaingia topeni kupapasa chini ya injini kama kuna kinachovuja. Alhamdulillahi, hakukuwa na tone. Tukashusha magunia karibu yote, lori jingine likatuvuta kwa mnyororo, na msafara ukakaa pale mpaka alasiri. Salat akaitoa kebo, akaiosha, akaitia grisi, akairudisha.

Nikamfuata Mama Habiba kivulini mwa lori. "Mama, nilikudanganya kule Modogashe. Breki nilikuwa nimeitoa."

"Musyoka, wewe naogoba kuchekwa," akasema. "Na mimi nakaa ndani ya gari."

Hakunifukuza kazi, na heri angenifukuza. Kicheko cha kikoi kiliisha Wajir baada ya siku chache, watu wakapata mengine ya kuzungumza. Mimi tangu siku hiyo siondoi gari lenye kasoro kabla sijamwambia kila anayepanda kasoro ni ipi, hata ikiwa ni honi tu. Wapo walioshuka wakatafuta gari jingine. Washuke.