Mukhwana Aipa Simu Mgongo

Ukuta unaonitenga na Mukhwana hapa Baba Dogo ni wa mabati, kwa hiyo mimi nilimsikia akitafuna kabla ya Kenya nzima. Siku za kazi hupakia marobota kiwandani. Jumapili, akitoka kanisani, huketi na tai yake mbele ya simu, akijirekodi video, na kula vitu ambavyo mtu mwenye akili zake angevipita: vichwa vya kuku, kumbikumbi wabichi, odowa, yale mawe laini yanayotafunwa na waja wazito. Kwanza humsalimu kuku, "Niaje, mzee," humwuliza habari za nyumbani, kisha humng'ata kisogo polepole, kinasa sauti kikiwa karibu na mdomo. Watu wanasema mlio ule unawatuliza. Mimi ulinikera.

Hata hivyo mambo yalikuwa yamemnyookea. Kiwandani alikuwa mtu wa marobota tu, lakini kwenye simu maelfu walimngojea, naye alianza kutembea kifua mbele.

Ndipo mama mkwe wake akaja kutoka Webuye. Alikuwa amemzika mumewe mwaka uliopita na tangu hapo amekonda. Alifikia Makongeni kwa Annah, binti yake mkubwa, kwani kwao mama hawezi kulala nyumbani kwa mkwewe. Wala hawali pamoja. Kuonana mnatafuna ni aibu. Miaka yote ya ndoa, Mukhwana hajawahi kunywa hata chai mbele ya mama huyo.

"Watoto wa Annah wako na simu," alimwambia mkewe, Vivian. "Mathe akiniona na kichwa ya kuku mdomoni, nitaweka uso wapi?"

"Si ungefikiria hiyo kabla uanze, Baba Celine?"

"Nitafuta zote. Hii kitu imeisha."

Jumapili hiyo kulikuwa kimya. Nilitarajia kufurahi, lakini nilijikuta nimekaa na sahani yangu nikisikiliza mabati, na jambo hilo liliniudhi.

Kesho yake jioni Vivian alirudi kutoka Makongeni kumwona mamake. Mukhwana alikuwa mlangoni na simu mkononi, bado hajafuta hata video moja. Mimi nilikuwa naanua nguo.

"Nimepata Mathe akikula," Vivian alisema. "Simu iko mezani, ameilaza kifudifudi. Ni wewe unatafuna ndani."

Mukhwana aliingiza simu yake mfukoni.

"Haangalii. Anasikiza tu. Anasema tangu Baba aende, nyumba haina mtu wa kutafuna, na chakula ilikuwa inamkwama. Sasa anamaliza sahani." Vivian akavua viatu. "Lakini anasema upunguze mbio. Unamaliza kuku ukimwacha katikati ya ugali."

Mukhwana aliingia ndani. Nilimsikia akipenga kamasi, nami nikaona huruma, jambo ambalo si kawaida yangu.

Jumapili iliyofuata nilifungua simu yangu, ndiyo, hata mimi. Mukhwana alikuwa amefunga tai, kinasa sauti karibu na mdomo, lakini ameketi akiipa simu mgongo. Kilichoonekana ni kisogo chake tu. Watazamaji walicheka sana, wakidhani ni kichekesho kipya. Hakumsalimu kuku. Alisema, "Karibu tule," akaanza kutafuna polepole sana, na nilipomaliza ugali wangu bado alikuwa anaendelea.