Mchezo wa Waserbia Nyumbani kwa Baba Mkwe

Nilicheka siku ya Jumapili, na mpaka Jumatano sikuwa nimelala vizuri wala kula nikashiba.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa na mimba ya miezi minne. Mume wangu alifanya kazi ya reli Mlimba, akirudi Ifakara mara mbili kwa mwezi, na mimi niliishi na wazazi wake. Mama mkwe nilimzoea haraka. Baba mkwe nilimwogopa. Hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Alikuwa mtu mrefu asiyesema sana, na akikohoa tu uani, sisi wanawake tulishusha sauti. Kabla sijaolewa alikuwa dereva wa mainjinia wa Yugoslavia waliokuja kuchimba visima bondeni. Vita vilipoanza kwao, mkuu wao alifunga mizigo akaondoka, akamwachia televisheni, deki na kanda moja ya video.

"Yule alikuwa Mserbia," baba mkwe alipenda kuwasahihisha waliomwita Myugoslavia.

Kanda ilikuwa na mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya kwao: mzee mmoja, mwanawe na mke wa mwanawe, wote wamebanana katika nyumba ya ghorofa, wanagombana kuanzia chai ya asubuhi. Jumapili baada ya misa ya pili, umeme ukiwepo, majirani walijaa sebuleni kwetu mpaka mlangoni. Baba mkwe alikaa karibu na televisheni akitutafsiria, kwa kuwa lugha ile alikuwa ameiokota garini kwa miaka mingi.

Watazamaji waligawanyika. Katekista wa mtaa wetu aliusifu mchezo. "Hii ndiyo familia," alisema. "Mzee anasema, watoto wanasikia."

Fundi cherehani, mama mjane asiyeogopa mtu, alimbishia. "Wanasikia wapi? Yule binti anajibu. Mtazameni macho."

"Tafsiri si umeisikia?"

"Nimeisikia. Na mimi macho ninayo."

Wengine walikuwa upande wa katekista, wengine upande wa fundi, na ubishi ulitoka nao mpaka barabarani.

Jumapili ile, mke wa mwana alitoka jikoni na mwiko, akausimamisha mbele ya pua ya mkwewe, akabwata maneno marefu, mate yanamruka. Mzee akarudi nyuma nyuma hadi akakalia keki. Baba mkwe akatafsiri kwa sauti yake nzito ileile: "Anasema, nisamehe baba, nimekosa."

Kicheko kilinitoka. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, mkono ukachelewa kufika mdomoni. Baba mkwe akageuka, akanitazama, kisha akarudisha uso mbele. Hakutafsiri tena hata neno moja mpaka kanda ikaisha.

"Wazungu wana desturi zao," katekista alijaribu. "Pengine kwao mtu akitubu ananyanyua mkono."

"Na mwiko?" fundi akauliza.

Sikusikiliza zaidi. Nilikuwa namfikiria mwanamke wa mtaa wa pili, aliyerudishwa kwao Mahenge kwa kosa la kumjibu baba mkwe wake. Mtoto alibaki. Kila niliposikia kandambili za baba mkwe kwenye kokoto za uani, nililishika tumbo nikimwomba Mungu mtoto atulie. Wali niliuunguza siku mbili mfululizo.

"Mama, niende nikapige magoti?" nilimuuliza mama mkwe.

"Subiri akuite mwenyewe," alisema, bila kuniangalia.

Aliniita Jumatano mchana, nikiwa napeta mchele. Alikuwa barazani na kikombe chake cha chai. Nilipiga magoti mbali kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulicheka nini?"

"Mwiko, baba."

"Mwiko tu?"

Niliona kwamba nikidanganya atajua. "Na maneno, baba. Hayakufanana na mwiko."

Alikiweka kikombe chini. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Hakusema nisamehe," alisema hatimaye. "Lakini nyumba hii ina wakwe. Ningesemaje mbele yenu?" Akatazama barabarani. "Amekuja daktari kijana hapa mjini, amesoma Belgrade, kwao Waserbia. Katekista amemwalika Jumapili aje amalize ubishi."

Alipoinua kikombe, chai ilimmwagikia kwenye suruali na hakuifuta. Hofu yangu haikupungua, iliongezeka. Huyu niliyemwogopa akiwa mtulivu, akiaibishwa mbele ya watu angekuwaje? Na nani angelipia kama si mimi?

Jumapili daktari alikuja, akakaa karibu na katekista. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango. Sehemu ya mwiko ilipofika, mwanamke alibwata maneno yake yote na baba mkwe kimya. Kisha akabonyeza deki, picha ikasimama.

"Anasema," alianza, akakohoa. "Baba, kila siku unanifokea kama mbwa. Nimechoka. Nyumba hii ni yangu pia. Ukinifokea tena, utapika mwenyewe."

Vichwa vyote vikamgeukia daktari.

"Ndivyo," daktari alisema. "Ndivyo alivyosema."

Fundi alipiga vigelegele. Katekista akasimama, akamshika mkewe mkono. "Twende. Haya si ya kutazama siku ya Bwana." Karibu nusu ya watu wakamfuata. Waliobaki walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Nilikuwa nautazama mgongo wa baba mkwe, nikiusubiri ugeuke. Haukugeuka. Aliwasha deki, akaendelea kutafsiri, tusi kwa tusi.

Walioondoka hawakurudi. Wengine walikuja kuziba nafasi zao, nao wakabishana kivyao. Baba mkwe hakunitamkia jambo lile tena, na mimi niliendelea kuishusha sauti yangu kila alipokohoa.

Mume wangu aliporudi, habari zilimpokea stesheni. Alitua begi jikoni.

"Ni kweli ulimcheka baba?"

"Ni kweli."

"Alisema nini?"

"Muulize mwenyewe. Yuko barazani."

Alichungulia mlangoni, akamwona baba yake anasoma gazeti la zamani. Akarudi jikoni, akakaa kwenye kigoda.

"Nitamuuliza kesho," alisema.

Kesho yake aliondoka na treni ya mapema.