Mgeni Aliyeazima Vijiti vya Vibrafoni

Sinywi pombe, sikuwa na homa, na ilikuwa saa tisa alasiri, si usiku wa manane. Naanza na hayo kwa sababu nikisimulia jambo hili kila mtu hutafuta pa kulitupia. Amini au usiamini, mimi nimeshachoka kubishana. Yalinipata mwenyewe, hapa hapa Uyole, Mbeya.

Kazi yangu ni kufuma masweta ya shule kwa mashine. Mkono unakwenda na kurudi kutwa nzima, jioni mabega yanawaka moto. Jumamosi ndiyo siku yangu. Tupo watu sita tunaokutana kwenye ukumbi wa usharika kujifunza jazi, na chombo changu ni vibrafoni, ambayo mmisionari mmoja aliiacha alipostaafu. Ni vyuma vilivyopangwa kama kinanda, unavigonga kwa vijiti vyenye vichwa vya uzi. Chini kuna pedali: ukiikanyaga mlio unaendelea, ukiiachia unakatika. Halafu kuna mota ya umeme inayozungusha visahani ili mlio utetemeke.

Unajua nilichokipendea? Ule mlio unaobaki baada ya kugonga. Kuna chuma kimoja, ukikigusa tu, kinaimba mpaka uchovu wa wiki nzima unakutoka. Nilikuwa mpigaji wa kawaida sana. Nilikuwa napotea katikati ya solo, na Mwalimu Sanga, kiongozi wetu, anatikisa kichwa. Sikujali. Nilikuwa nasikia, basi.

Sasa, tuna desturi yetu. Mwanamuziki mgeni hanyimwi zamu, hata akija na matope miguuni. Ila kabla hajashika chombo anaulizwa, "Nani alikufundisha?" Akimtaja mwalimu wake, anapiga. Asiye na wa kumtaja anapewa chai tu. Mwalimu Sanga aliipokea desturi hiyo kwa wapiga muziki wa dansi wa zamani wa Iringa, na sisi tuliiona ni adabu tu.

Jumamosi hiyo wenzangu walikuwa msibani Chunya. Nilikwenda peke yangu kwa sababu wiki iliyofuata tulialikwa kupiga chuoni Iringa, na solo yangu ilikuwa bado mbovu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha na ukungu umefika mpaka mlangoni. Nilipiga kama saa moja, bado mbovu, nikakaa nikaegemea ukuta. Macho yalikuwa wazi, sikulala.

Mzee mmoja akasimama mlangoni, kavaa koti refu la kaki, kofia mkononi.

"Kamwene," akasema. Ni salamu ya Kihehe.

"Kamwene, baba. Ingia, utalowa."

"Nimesikia chuma kutoka barabarani. Nipe zamu, mwanangu. Kidogo tu."

Je, nilimwuliza? Sikumwuliza. Nilijua kabisa natakiwa kumwuliza. Lakini nilikuwa nimechoka, mzee mwenyewe mpole, na swali lingeleta hadithi ndefu za bendi za zamani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami niliona uvivu kufungua mdomo. Nikampa vijiti vyangu.

Jamani, alipiga! Mwanzoni nilifumba macho nikafurahi. Mlio ulikuwa unatetemeka taratibu, vizuri, kama mota imewekwa mwendo wa chini. Kisha nikakumbuka kwamba umeme hakuna. Nikainama kutazama. Waya wa mota ulikuwa umeviringishwa kwenye mguu wa chombo, visahani vimesimama tuli, na mlio unatetemeka. Nikamtazama mguu. Hakukanyaga pedali, na mlio haukatiki. Niliogopa, nikarudi nyuma mpaka ukutani.

Mzee alikuwa analia. Akaviweka vijiti juu ya vyuma polepole.

"Asante, mwanangu. Miaka yote napiga, sisikii. Leo nimesikia."

Akatoka. Nilimfuata mpaka barazani, sikuona mtu. Kwenye matope ya uani kulikuwa na nyayo za viatu vyangu tu.

Nikarudi nikagonga kile chuma changu. Kimya. Nikagonga tena kwa nguvu. Mvua juu ya bati naisikia, jogoo wa jirani namsikia, chuma sikisikii.

Iringa nilipiga. Wanasema sijawahi kupiga vile, watu wakasimama, Mwalimu Sanga akanishika mkono machozi yakimlengalenga. Mimi nilisikia gitaa la besi, ngoma na makofi. Nilichopiga mwenyewe sikukisikia, na mpaka leo sikisikii. Mwingine akipiga chombo hicho hicho, nasikia vizuri. Daktari alinipima masikio akasema ni mazima. Nilipomweleza Mwalimu Sanga, hakushangaa.

"Hukumwuliza?"

"Nilimpa vijiti tu."

"Pole, dada," akasema, na hatujaligusa tena.

Sasa sikiliza linalonichosha kuliko yote. Njia ya kupona naijua, maana nilimwona mzee akiipita: ni kupiga kwa vijiti vya mtu mwingine. Mwezi uliopita amejiunga nasi muuguzi mmoja, Tumaini. Ana vijiti vyake vipya, uzi nilimfungia mimi. Jumamosi iliyopita alininyooshea: "Dada, hebu jaribu vyangu, uniambie kama ni vizito." Nikamwambia vidole vinauma. Nikatoka nje nikalia kama mtoto, kwa sababu mkono ulikuwa umeshaanza kunyooka.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayejifunza, popote ulipo. Mgeni mpe kiti, mpe chai, lakini vijiti vyako baki navyo mpaka amtaje aliyemfundisha. Na wewe Tumaini, kisa hiki kikikufikia, usininyooshee tena. Nimeweza kukataa mara moja. Nimechoka, mdogo wangu, na kesho ni Jumamosi.