Wimbo wa Uhuru Ukumbini Rågsved

Sisi Wakongo wa Rågsved, huku Sweden, husherehekea uhuru Jumamosi iliyo karibu na tarehe thelathini Juni, maana katikati ya wiki ukumbi haupatikani na bosi haelewi. Mwaka uhuru ulipotimiza miaka hamsini, nilipewa kazi ya kuanzisha wimbo wa taifa. Nilikubali haraka, kwa ajili ya baba yangu.

Baba alikuwa amefika Sweden majira ya baridi, na tangu hapo alikaa tu dirishani kama mgonjwa. Kule Bukavu alikuwa mwalimu. Hapa, alisema, ni mzigo unaokula. Sherehe zote alizikataa. Hii aliikubali kwa shingo upande, kwa kuwa mwaka ule wa uhuru wenyewe alikuwa mtoto wa shule na aliimba barabarani.

"Nitakuja mara moja," akasema. "Mukinikasirisha, sitoki tena."

Nilijua hatanii.

Siku ikafika. Sombe ya majani ya muhogo iko tayari, vitenge vimepigwa pasi, watu wamesimama. Nikavuta pumzi, nikafungua kinywa, na kilichotoka ni wimbo wa Zaire! Ule tuliouimba kila asubuhi shuleni, enzi nchi ilipobadilishwa jina na wimbo. Mbaya zaidi, watu wa rika langu wote wakaudaka, mkono kifuani, sauti za kubomoa paa. Hakuna aliyeshtuka mpaka Baba alipoinuka na kuvaa koti lake.

"Ni wimbo gani hii munaimba siku ya uhuru?"

Wimbo ukakatika. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mimi nina ulimi mwepesi, na woga huuongezea makali.

"Baba, si ni weye ulitufundisha? Na fimbo mukononi!"

Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Baba hakucheka. Aliutazama mlango, kisha akatutazama sisi, madereva wa basi na wauguzi wenye mvi, tuliokimbia nchi kabla wimbo wa uhuru wa utoto wake haujarudishwa. Akavua koti. Akaja mbele, akanisogeza kwa kiwiko, akaimba mstari wa kwanza kwa sauti ya kukwaruza, kisha akatunyooshea kidole tuurudie. Tukaurudia. Akakunja uso. Tukaurudia tena. Machozi yalinitoka kwa furaha, wala sikuyaficha.

"Nyuma kule, muache kukula kwanza!" akafoka, mgongo umenyooka. "Turudilie tangu mwanzo."