Zambarau ya Ikram

Gauni jeupe lilikuwa na doa la pilau kifuani. Mwaija alilikwangua kwa ukucha, kisha akaona kifungo cha tatu kimebadilishwa, akalitambua.

"Hili lilivaliwa Mpale mwezi uliopita," akamwambia mwenye duka.

"Na Jumamosi litavaliwa Kilole," mama yule akajibu bila haya. "Usipoweka oda leo, mwenzangu, utaolewa umevaa dera."

Kulikodi siku moja ilikuwa bei ya bati nane. Mustapha, mchumba wake, mkulima wa mahindi Handeni, alikuwa ameezeka nusu tu ya nyumba watakayoishi. Mwaija alijiona ananyeshewa masika nzima kwa sababu ya picha za saa tatu. Akaaga, akatoka.

Alikuwa na miaka thelathini na moja, na tisa kati ya hiyo aliipitisha Mombo akiwauzia chakula abiria wa mabasi. Kila harusi ya ndugu au jirani alichangia. Na kila harusi kamati ilitangaza sare yake, yaani kitambaa kimoja kwa wanawake wote: ununue, ushoneshe, uvae mara moja. Kuirudia katika harusi nyingine ni kujitafutia maneno. Ugonjwa huu tumeuleta wenyewe, tunaulea wenyewe, na masikini ndiye anayeumia zaidi. Mwaija alikuwa na sare kumi na moja kwenye sanduku lake, zote karibu mpya.

Jioni ile alizitandaza kitandani, pale Kilole kwa shangazi yake aliyemlea. Kijani cha ndizi mbichi, chungwa, bluu, kitenge cha maua mekundu. Akachukua mkasi.

Shangazi Mwanaisha alisimama mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Natafuta gauni la harusi, shangazi."

"Humo? Utatoka kama godoro la viraka."

"Godoro langu mwenyewe, sijalikodi."

"Bi harusi huvaa nyeupe, Mwaija."

"Ndoa inataka walii, mashahidi na mahari. Nyeupe aliitaja nani?"

Shangazi akasogea kitandani. Macho yake yakatua kwenye satini ya zambarau, na sauti ikashuka.

"Hiyo iondoe."

Ilikuwa sare ya harusi ya Ikram, binti yake. Ikram aliolewa kwa shangwe, akaachwa mwezi wa nane wa ndoa, akarudi na begi moja. Tangu siku hiyo, penye harusi mama yake humpeleka jikoni, asimguse bi harusi wala asikae mbele. Wanawake wa ukoo husema mwanamke aliyeachwa huleta mkosi, na wanaosema hivyo ndio hao hao wanaomwachia masufuria yote aoshe. Dini haikuwafundisha hivyo, wala utu.

"Unataka kujivika talaka kifuani?" Shangazi aliuliza.

"Nataka kumvaa Ikram. Nilicheza kwenye harusi yake mpaka viatu vikakatika."

"Ukiivaa hiyo, mimi sikutoi nje. Tafuta shangazi mwingine."

Hilo ndilo lilikuwa zito. Katika ukoo wao bi harusi hushikwa mkono na shangazi, akatolewa ndani hadi kwenye mkeka walipo wageni. Asiyetolewa na shangazi huonekana hana kwao. Mwaija aliweka mkasi chini. Kisha akaiweka ile zambarau juu ya vitambaa vingine vyote.

Grasiana, fundi cherehani wa sokoni, alishona kwa siku nne. Alipomaliza alilitundika gauni mlangoni, na wapita njia wakasimama.

"Utachekwa, dada," alimwambia Mwaija. "Ila hawatakusahau."

Siku ya harusi ndoa ilishafungwa, wageni wakakaa. Ndani, Mwaija alisimama na gauni lake la rangi kumi na moja, zambarau ikiwa imepita kifuani kutoka bega hadi bega. Shangazi Mwanaisha aliketi kitandani, mikono mapajani.

"Shangazi, wananingoja."

"Nilishasema."

"Sawa," Mwaija akasema, na hakubembeleza. Akafungua mlango wa uani. "Ikram, njoo unitoe."

Ikram alikuwa amechutama akikatakata vitunguu.

"Mimi? Dada, watasema."

"Watasema wakiwa wamekaa. Sisi tutakuwa tunatembea. Nawa mikono."

Alinawa, lakini harufu ya vitunguu haikutoka. Walitoka hivyo, mkono kwa mkono. Kelele za uwanjani zilikatika. Mwanamke mmoja akacheka wazi, mwenzake akasema, "Kamaliza vitambaa vya soko zima huyu." Mwaija aliinua kidevu, akatembea polepole kuliko ilivyohitajika, apate kuonwa vizuri.

Ndipo Mama Sadala, jirani, akainama mbele.

"Kile cha chungwa si sare ya mwanangu?"

"Na bluu yetu," mwingine akadakia.

Wakaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, kila mmoja akitafuta harusi yake kwenye gauni la Mwaija, wakilishika kama watu wanaokagua kitenge dukani. Mustapha alisogea mkekani akampa nafasi. Ikram alitaka kurudi jikoni. Mwaija hakumwachia mkono, akamketisha ubavuni pake, mbele ya wote.

Vyakula vilikuwa vimeshaliwa Shangazi Mwanaisha alipotoka. Hakusalimia mtu. Alipiga magoti mbele ya Mwaija, akapitisha kidole kwenye satini ya zambarau, kutoka bega hadi bega, akamtazama binti yake aliyekaa pembeni.

"Fundi kaikata upogo," akasema.

Halafu akakaa upande wa Ikram, kwa kuwa upande ule mwingine ulikuwa na bwana harusi.