Uso Wangu Siuweki Majini

Wenzangu bado wanaisimulia habari hii vibaya, kwa hiyo nianze kwa kuwasahihisha: si kweli kwamba nilikuwa sijui kuogelea. Nilijua kuogelea kabla sijajua kusoma. Ila niliogelea kama tunavyoogelea kwetu Mandawa, uso juu, shingo imenyooka, macho yanazunguka huku na huku. Bwana shamba aliyekuwa anatufundisha akaamua kwamba huko si kuogelea.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, mwanzoni. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko Ruponda, sijaolewa, na nina kichwa kigumu ambacho mama alisema nimekitoa kwa baba. Tukasikia kwamba Lindi kutakuwa na mashindano ya michezo mitatu kwa mpigo: unaogelea baharini, ukitoka unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia. Wilaya yetu ingepeleka watu watatu. Baiskeli haikunitisha hata kidogo. Nimebeba magunia ya ufuta kwenye baiskeli ya baba tangu darasa la tano, kwenye mchanga ule wa kwetu unaomeza tairi. Mbio nazo nilizipenda. Yakabaki maji. Basi Jumamosi moja asubuhi nikaendesha mpaka kwenye lambo lililo nje ya mji wa Nachingwea, ambako watu wa mjini walikuwa wanafanya mazoezi ya kuogelea kwa kikundi.

Nikakuta wanaume sita. Wengi wao walikuwa watumishi waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine, akiwemo mganga wa zahanati, na mmoja mfanyabiashara wa vipuri vya baiskeli sokoni, ambaye mimi ni mteja wake. Mkubwa wao alikuwa huyo bwana shamba, mtu wa kanda ya ziwa, mrefu, mwenye filimbi shingoni. Alifundisha, lakini na yeye alitaka kwenda Lindi kama sisi. Mimi nimevaa truksuti, fulana ya mikono mirefu, na kitambaa nimekifunga kichwani. Yule wa vipuri akaniuliza kama nimekuja kufua. Wakacheka. Nikamwambia ndiyo, na nitaanza na yeye, nikaingia majini.

Nilifika ng'ambo na kurudi bila kupumzika, nikadhani nitapongezwa. Thubutu! Bwana shamba akasema naogelea kama mtu aliyejitwika ndoo. Uso unatakiwa uwe ndani ya maji, akasema, unageuza mdomo pembeni kuvuta hewa tu. Nikajaribu mara mbili. Maji ya lambo lile ni udongo mtupu, ukizamisha uso huoni hata mkono wako mwenyewe. Moyo ukanienda mbio, nikatoa uso, na sikuurudisha tena.

Haukuwa woga, na sitaki mtu aniambie ulikuwa woga. Kwetu mto una mamba. Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa mtoto, na tulikwenda mtoni kwa kundi, wanawake na wasichana. Hakuna aliyegusa maji kabla shangazi yangu hajauliza, kwa Kimwera, nani anaangalia. Tulisubiri mpaka mmoja aitikie, "Mimi." Huyo alibaki ukingoni, haogi, hafui, hapigi soga, kazi yake kutazama maji tu. Na sisi tulioingia tuliacha macho nje. Shangazi akimwona mtoto amezamisha uso kwa mchezo anamchapa palepale, na jioni anakwenda kumsemea kwa mama yake achapwe upya. Mimi nimechapwa hivyo zaidi ya mara moja.

Yote hayo nilimweleza bwana shamba. Akasema lambo halina mamba. Nikasema hilo nalijua. Nikamuuliza, sisi saba tukiwa wote nyuso chini, nani anamwangalia mwenzake? Akanitazama kama tunavyowatazama wanafunzi watundu, akapuliza filimbi yake.

Nikaendelea kwenda kila Jumamosi. Mwalimu mkuu wangu aliniambia kwa upole kwamba haipendezi mwalimu wa kike kuonekana na nguo zilizolowa kati ya wanaume. Nikamjibu kwa upole uleule kwamba zinakauka njiani. Mama alinikalisha kitako, akaniuliza ninatafuta nini. Nikamwambia natafuta kwenda Lindi, na nitakwenda.

Ikafika Jumamosi ya mchujo. Tulitakiwa kwenda ng'ambo na kurudi mara mbili, na watatu wa kwanza ndio wa Lindi. Mara ya kwanza ikaisha salama. Tulipokuwa tunarudi kwa mara ya mwisho nilikuwa wa tatu. Mbele yangu yupo bwana shamba na mganga wa zahanati, nyuso chini, wanakata maji. Hapo nikaona mkono upande wa kushoto, karibu na matete. Ulitoka majini umefunguka, ukazama, ukatoka tena. Hakuna kelele yoyote. Alikuwa yule wa vipuri, amepotea njia kwa sababu haoni anakokwenda, na magugu yamemshika mguu.

Nitasema ukweli. Nilimtazama yeye, nikatazama ukingo, nikamlaani. Kisha nikageuka. Nilimkamata ukosi wa fulana, nikamvuta mpaka kwenye matete, akatapika maji ya udongo mapajani mwangu. Tulipofika ukingoni, mimi nimemshika kiuno, wenzetu walikuwa wanajifuta. Walikuwa hawajui hata kama tumepungua.

Bwana shamba alinishukuru sana, kwa maneno mazuri. Halafu akasoma majina ya watatu wa kwanza: yeye, mganga, na mwenzao aliyenipita nikiwa kwenye matete. Nikamwambia arudie mchujo. Akasema mchujo ni mchujo, nijaribu mwakani. Roho iliniuma! Nililia njia nzima kurudi Ruponda, huku nakanyaga pedali, katikati ya mikorosho ya watu. Wengine wakisikia habari hii hudhani nilijivunia kumwokoa mtu. Sikujivunia chochote. Nilitaka Lindi, na nilikuwa nimenyang'anywa.

Jumamosi iliyofuata mama alisema niachane nao. Ng'o. Nikafunga kitambaa changu, nikaenda. Yule wa vipuri hakuja, bado alikuwa kitandani anauguza kifua. Wengine wote walikuwepo, wamesimama ukingoni, na bwana shamba hakuwa na filimbi. Akasema amekosa usingizi wiki nzima, na mchujo unarudiwa. Nikaanza kukaza kamba za suruali. Yeye akageuka akayatazama maji.

"Nani anaangalia?" akauliza.

Wote wakanigeukia mimi. Sikushangaa. Mwanamke ni mimi, desturi yenyewe ni ya kwetu, macho makali yameshathibitishwa. Walinitazama kwa heshima kabisa, kama watu wanaonikaribisha kiti. Na kila mmoja pale alijua kwamba anayebaki ukingoni hashindani, na asiyeshindana haendi Lindi.

"Si mimi," nikasema. "Mimi nimekuja kuogelea."

Mganga akainama akatazama vidole vya miguu yake. Yule aliyenipita akajikuna shingo. Bwana shamba alituangalia mmoja mmoja, akasubiri. Kisha akaokota shati lake kwenye majani, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu.

"Mimi," akasema.

Nilitoka wa pili, uso juu mwanzo mpaka mwisho. Nilipopanda ukingo alikuwa bado amesimama palepale, hajakaa, hajanitazama, anahesabu vichwa vilivyobaki majini.