Vueni Viatu

Ofisa elimu wa wilaya yetu tulimwita Mama Chaki, maana alianzia kufundisha darasa la kwanza, na hata alipopewa ofisi yenye zulia hakuacha kuzunguka madarasani. Siku moja huko aliwakuta watoto wa darasa la nne wameshika vitabu kichwa chini miguu juu, wanaghani kwa kukariri ukurasa wasioweza kuusoma. Jioni hiyo alisukuma sahani pembeni. Mumewe alipomuuliza, alisema tu, "Tunawadanganya watoto wa watu."

Basi tajiri mmoja wa magodoro alipotangaza kusaidia shule, Mama Chaki alimwomba wakufunzi wa kukaa na walimu darasani, wawaonyeshe namna ya kufundisha kusoma. Tajiri akaleta kompyuta. Shule yenyewe haina umeme.

Siku ya kukabidhi, mpiga picha aliwapanga watoto mbele ya maboksi, akakunja uso. "Vueni viatu. Picha itagusa zaidi."

Watoto wakainama kufungua kamba. Mama Chaki akasogea mbele yao.

"Vaeni," aliwaambia. Kisha akamgeukia tajiri, aliyekuwa anaweka tai sawa. "Mzee, wazazi wao wamejinyima kununua viatu hivyo. Umaskini wa kuigiza kautafute kwingine."

Mkurugenzi, bosi wake, akamvuta pembeni. "Dada, unataka kutumwagia unga?"

"Acha umwagike. Umeshaingia mchanga."

Kompyuta zikafungiwa stoo, zikawa kitanda cha panya. Lakini mke wa tajiri, ambaye siku ile alisimama nyuma ya mumewe, alikuja ofisini peke yake. Mama Chaki hakumpa maneno mengi; alimpeleka darasani. Mgeni akamwonyesha binti mmoja mstari wa kusoma. Binti akaghani ukurasa mwingine kabisa, tena kwa madaha.

Mgeni alitoka nje akaegemea ukuta. "Nifanye nini?"

"Kile nilichoomba."

Wakufunzi wakaja. Walimu wakongwe walinuna, wakazoea, na taratibu watoto wakaanza kusoma, hata vibao vya dukani.

Kwenye sherehe ya kuwapongeza watoto hao, tajiri alishika kipaza sauti. "Mimi niliona tangu mwanzo kwamba tatizo ni kusoma." Mkurugenzi akapiga makofi kuliko wote.  Mama Chaki akainuka, akampa tajiri mkono, akatabasamu kwa meno tu.

"Amekuudhi," mke wa tajiri alimnong'oneza alipoketi.

"Mno. Ila shule za bondeni bado hazina wakufunzi. Mwambie Jumatatu nakuja kwake."